Siku Babu Alipomchoma Bibi Harusi wa Upepo

Wakuu, habari za mchana.

Babu yangu aliwahi kutupa motoni kitu alichokitafuta kwa miaka. Alikitupa kwa mkono wake mwenyewe, mchana kweupe, huku anacheka. Na aliyemletea naye akacheka.

Kisa hiki nimekisikia mara nyingi mpaka nimechoka nacho, lakini kila nikikaa peke yangu kinarudi. Acha nikimwage hapa, labda nitapumua.

Babu aliitwa Kasian, Mngoni wa Songea. Mimi nilimkuta mzee tayari. Kisa alinipa yeye na bibi Domina, mmoja akisahau mwenzake anadakia, kwa hiyo nitawasimulia kana kwamba nilikuwepo. Mnivumilie.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, miaka ya hamsini inaanza. Mkonge ulikuwa unalipa vibaya mno. Unamlipa mwenye shamba, sio wewe.

Kasian alitoka kusini na kundi la manamba, wale wa mikataba. Akapangiwa shamba la Mgiriki mmoja nje ya Kilosa, upande wa Munisagara. Wenzake walikata mkonge juani. Yeye akawekwa kwenye brashi, lile banda la kusafishia singa, nyuzi za mkonge, kabla hazijafungwa marobota.

Watu wa mkonge wanajua brashi ni nini. Unaingia mweusi, unatoka umejaa vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Vumbi lile halibaki kwenye ngozi tu, linashuka kifuani na kuhamia huko.

Mkataba wake wa kwanza uliisha, akasaini mwingine. Ukaisha, akasaini tena. Domina akaja kumfuata, wakapewa chumba kimoja kwenye nyumba ndefu za kambi.

Alikuwa amechoka, nyie. Sio ule uchovu wa kulala ukaamka nao umekwisha. Huu ulikuwa unaamka naye, unavaa naye shati, unakwenda naye kazini.

Kilichokuwa kinamweka hai, mbali na Domina, ni vitabu.

Kulikuwa na mwandishi mmoja aliyejiita Mkaa Mawinguni. Jina lake la kweli halikujulikana. Aliandika mambo ya ajabu matupu: mji uliojengwa mgongoni kwa kobe, mfalme aliyeinunua mvua akaifungia ghalani, mtu aliyekopesha kivuli chake wakagoma kumrudishia.

Hadithi zake ndefu zilitoka kwenye karatasi za kawaida, kila mwenye hamu alizipata. Lakini zile fupi fupi zilikuwa na heshima yake. Kiwanda kidogo cha chapa kule Morogoro kilikuwa kikitoa moja moja, ikikaribia Pasaka au Idi au Krismasi, kama toleo maalumu.

Kijitabu chembamba, jalada la kitambaa, kimeshonwa kwa uzi wa rangi, na mbele kuna mwezi mchanga uliogongwa kwa mkono. Vilitoka vichache, na vikiisha havirudiwi.

Kasian alisoma kimojawapo jioni moja ametoka brashi, hajanawa hata uso. Alipokifunga aligundua hajakohoa tangu alipokifungua. Kuanzia hapo hakuponyeka.

Alivitafuta vile vijitabu kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Jumapili alitembea mpaka Kilosa mjini, kwa Mwinshehe, mzee aliyeuza magazeti na vikorokoro karibu na stesheni ya reli. Kisipokuwepo alirudi kwa miguu hivyo hivyo.

Kimoja alikipata Masanze kwa karani mstaafu. Yule karani alikataa kuuza, akasema nilimie mahindi. Kasian akalima shamba la watu siku zake za mapumziko, na kile kifua.

Kingine alikikuta kwa Mmasai aitwaye Saruni, mfugaji wa mbugani kuelekea Mikumi. Saruni hakujua kusoma, ila alikipenda kile kitambaa, akawa anafungia ugoro. Kasian akavua blanketi alilojitanda akampa. Alirudi kambini anatetemeka, kijitabu kinanuka ugoro, uso unang'aa.

"Umetoa blanketi," Domina akasema.

"Nimetoa."

"Tutajifunika hicho kitabu?"

Kasian alimsomea. Na bibi mwenyewe alikubali kwamba alipofika katikati aliacha kununa.

Basi akavikusanya vyote, vikatimia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Vyote isipokuwa kimoja, kile cha kwanza kabisa, kilichotoka kabla hajafika Kilosa. Kiliitwa *Bibi Harusi wa Upepo*.

Hakuna aliyekuwa nacho. Aliuliza makarani, walimu, mafundi wa reli, hata Masista. Hakuna.

Na hapo ndipo shida ilipokaa. Mganga wa zahanati alikuwa ameshamwambia waziwazi kwamba akibaki kwenye lile vumbi hatamaliza miaka mingi. Domina alikuwa amefunga mizigo kichwani siku nyingi.

"Turudi nyumbani, baba," alimwambia.

"Nikikipata kile tu, tunaondoka."

"Na kisipopatikana?"

"Kitapatikana. Nikiondoka Kilosa, Songea nitakipata wapi?"

Ukimtazama kwa haraka utasema babu alikuwa chizi. Mimi nasema alikuwa ameshika kitu kimoja ambacho maisha hayakumpangia, na hakutaka kukiachia nusu.

Sasa nimlete Melkizedek.

Melkizedek alikuwa Mhehe wa Iringa. Alifanya kazi kwenye toroli zile zilizobeba marobota kutoka shambani mpaka stesheni. Chumba chake kilipakana na cha Kasian, ukuta mmoja. Mwembamba, mrefu, mdomo haufungi.

Na Mhehe kwa Mngoni ni watani, mnajua wenyewe. Mababu walichinjana vibaya, baadaye wakaona bora wachekane. Mtani anakutukana mbele ya mkeo, na wewe hukasiriki. Anabeba mboga yako jikoni anakula, na wewe unatafuta cha kwake. Ukikasirika umeaibika wewe.

Wale wawili walikuwa hawasalimiani kama watu. Asubuhi Melkizedek anagonga ukuta.

"Mngoni, umekufa?"

"Bado, mla mbwa."

"Basi fanya haraka, nataka chumba."

Jina hawakuitana hata siku moja. Kambi nzima iliwajua, na wengine walikuja kilabuni kuwasikiliza wao tu.

Vile vitabu ndivyo Melkizedek alivyovitania kuliko vyote. "Mtu mzima anasoma habari za kobe mwenye mji. Mwandishi mwenyewe atakuwa mlevi." Kasian alimwambia Mhehe hawezi kuelewa kitabu, labda kiandikwe kwenye mfupa.

Krismasi moja Melkizedek akamletea kifurushi kimefungwa vizuri. "Mngoni, *Bibi Harusi wa Upepo* huyu hapa." Kasian akakipokea kwa mikono miwili. Akafungua mbele za watu, akakuta panya mfu aliyekaushwa. "Nimekuletea kitoweo cha kwenu," Melkizedek akasema. Watu walicheka mpaka wakalala chini.

Kasian naye alicheka, ndio utaratibu. Lakini aliniambia alipoingia ndani aliketi kitandani akajisikia vibaya sana, maana kwa dakika moja aliamini.

Mwaka ukapita, kifua kikazidi. Ilifika mahali akikohoa anashika mwimo wa mlango. Nyapara akamhamishia kazi nyepesi, lakini palepale ndani ya banda. Domina akawa halali, anasikiliza pumzi.

Kumbe upande wa pili wa ukuta kuna mwingine naye anasikiliza.

Ikaja Jumapili moja, mchana. Domina anapika maharage nje, moto umekolea. Majirani wamekaa kwenye magogo na vibuyu vya pombe, Kasian katikati yao amejifunga shuka. Melkizedek akatokea amevaa shati safi, jambo lisilo la kawaida, na kifurushi mkononi, kitambaa kimefungwa kwa singa.

Akasimama mbele ya Kasian. Hakutukana.

"Leo sitanii," akasema. "Humu ndani kuna kile kitabu chako. Chukua, mrudi kwenu upone."

Watu wakaanza kukohoa kicheko mapema.

"Umekipata wapi, mla mbwa?"

"Ni changu. Hadithi niliandika mimi. Zote nimeandika mimi."

Jamani, kicheko kilicholipuka pale. Ulimboka, Mnyakyusa mmoja mzito wa kwenye korona, ile mashine ya kukamua mkonge, alimwaga pombe yake yote. Mhehe wa toroli anaandika vitabu! Mtu mmoja akauliza, na yule kobe alimpanda yeye? Mwingine akasema kweli, anakaa mawinguni, tazameni urefu wake.

Melkizedek alisubiri wamalize. "Mngoni, nisikilize mara moja tu."

Kasian alikipokea kile kifurushi. Akakipima mkononi. Kilikuwa chepesi, chembamba, kama yule panya wa mwaka jana.

Aliniambia kuna sauti ndogo ilimwambia fungua. Lakini watu wote wanamtazama, na alikuwa amechoka, na hakuwa na nguvu ya kuamini halafu kuaibika mara ya pili. Tena mtani akikuletea mchezo, unamrudishia mchezo.

"Asante kwa kuni," akasema.

Akakitupa chini ya sufuria ya maharage.

Kambi ikapasuka. Singa zilishika kwanza, kisha kitambaa. Harufu ya gundi ikapanda. Domina akasema huyu panya mbona ananuka duka.

Melkizedek alisimama akitazama moto. Kisha akacheka. Alicheka kuliko wote, akajipiga mapaja, akakaa kwenye gogo, akaomba pombe akapewa. Machozi yalimtoka, akasema ni moshi, na kweli moshi ulikuwepo.

Angefanya nini? Mtani hakasiriki.

Hapo bado mimi na nyie tunajua zaidi ya Kasian. Yeye alilala usingizi mzuri siku ile, amefurahi kwamba amemweza Mhehe.

Wiki kadhaa baadaye akajikongoja mpaka Kilosa kwa Mwinshehe, akipumzika kila penye kivuli. Alipofika akauliza lile swali lake la kila siku.

"Shikamoo mzee. Kile cha kwanza bado?"

"Marahaba." Mwinshehe akaweka chini alichokuwa akikifunga. "Kwani mwenzako hakukupa?"

"Mwenzangu nani?"

"Melkizedek. Alipita hapa akaniaga kama mtu anayekwenda kuzika. Akasema anakupa cha kwake, maana hakijabaki kingine hata kule Morogoro, ili umwache huyo mama apumzike na wewe urudi kwenu. Kwani hukujua ni yeye? Karatasi zake zote mimi ndiye niliyekuwa nazipandisha treni."

Kasian akaegemea meza ya duka.

"Aliniapisha ninyamaze," Mwinshehe akaendelea. "Unajua meneja wenu hapendi manamba anayeandika andika. Wewe alisema atakuambia mwenyewe. Alikuambia?"

"Aliniambia," Kasian akasema.

Akaketi kwenye ngazi za duka. Mwinshehe akadhani ni kifua, akamletea maji.

Sijui nyie mnajisikiaje, mimi hapa huwa naomba babu akiruke kipande hiki, na yeye alikuwa hakiruki. Alisema aliona kila kitu kwa mara moja: lile shati safi, zile singa zilizofungwa kwa uangalifu, na yule mtu aliyeomba asikilizwe mara moja tu. Miaka yote ile alimtafuta Mkaa Mawinguni mpaka Masanze na Mikumi, na jamaa alikuwa anamgongea ukuta kila asubuhi.

Aliporudi kambini alinawa, akavaa nguo ya kanisani, akaenda mlango wa pili. Melkizedek alikuwa nje anakarabati kiatu. Watu walikuwepo, Ulimboka alikuwepo, Domina alikuwa anapepeta mchele.

Kasian akapiga magoti.

"Ndugu yangu Melkizedek," akasema, "nimejua. Nimekuja kukuomba radhi."

Melkizedek akakiacha kiatu. Bibi anasema uso wake siku ile ulikuwa mbaya kuliko siku ya moto.

"Inuka," akasema. "Inuka, Kasian."

Kwa jina.

"Nisamehe."

"Yamekwisha."

"Hadithi yenyewe bado unayo kichwani? Niandikie, nitalipia karatasi..."

"Niliiandika nikiwa kijana. Imeshakwenda." Akachukua kiatu chake akaingia ndani.

Kesho yake asubuhi ukuta haukugongwa. Walikutana kisimani. "Umeamkaje, Bwana Kasian?" Melkizedek akasema. "Mama hajambo?" Akampisha achote maji kwanza.

Na siku iliyofuata hivyo hivyo, adabu tupu. Alikuwa anamsalimu kama mtu anavyomsalimu mgeni wa tarafa.

Kasian akachanganyikiwa. Akamuuliza Domina, si amesema yamekwisha?

"Ulimpigia magoti," Domina akasema. "Nani anapigia magoti mtani wake? Umemwambia mbele za watu kwamba wewe na yeye mnaweza kukoseana. Sasa atakutania vipi?"

Ndipo babu alipoelewa kwamba amechoma mara mbili. Alipoletewa neno la kweli alilifanya mchezo, na palipotakiwa mchezo akaleta magoti. Aliumia, wakuu. Kitabu alikisahau kabisa. Alichotaka sasa ni kutukanwa.

Alijaribu. Siku moja akamwita mla mbwa, Melkizedek akatabasamu kidogo, kwa heshima, akapita. Kilabuni watu wakaacha kuja.

Hakukuwa na sababu ya kubaki. Mkataba ulipoisha hakusaini mwingine. Domina akafunga mizigo, safari hii ya kweli.

Lori la shamba liliwabeba mpaka Mikumi, barabara kuu, wakangojee la kwenda Iringa na kusini. Melkizedek aliomba ruhusa akawasindikiza. Walikaa kando ya barabara mchana kutwa, jua kali, wakiongea habari za mvua na bei ya chumvi. Wakati wa kungoja Melkizedek alinunua jogoo kwa mama mmoja pale, mwekundu, mkubwa, wa kula yeye mwenyewe akirudi kambini.

Lori likaja. Mizigo ikapanda, Domina akapanda, na lile sanduku la bati. Melkizedek akatoa mkono.

"Safari njema, Bwana Kasian. Mungu akuponye."

"Ahsante, ndugu."

Kasian akapanda. Dereva akawasha. Lori likaanza kujivuta, na Melkizedek bado amesimama karibu kabisa na ubavu wake, jogoo kwapani, uso umetulia kama wa padri.

Babu alisema hakufikiri. Aliinama, akanyoosha mkono, akamkwapua yule jogoo.

Jogoo akapiga kelele. Domina akapiga kelele. Lori likashika mwendo.

Melkizedek alibaki mdomo wazi, mikono mitupu, kwa muda ambao kwa babu ulikuwa mrefu kuliko mikataba yake yote.

Kisha akakimbia. Alitupa miguu yake mirefu katikati ya vumbi la barabara.

"Mngoni! Mwizi mkubwa wewe! Rudisha kuku wangu! Domina, umeolewa na kicheche!"

"Njoo Songea umfuate!" Kasian akajibu.

"Nitakuja nikuzike, mshenzi wewe, nicheze ngoma juu ya kaburi lako!"

Alikimbia mpaka alipoishiwa pumzi, akasimama katikati ya barabara ameshika magoti anacheka, na matusi yake bado yanawafikia. Kasian alimkumbatia yule jogoo akacheka mpaka kifua kikambana, kisha akalia, na wala hakujificha kwa abiria.

Jogoo walimla Iringa. Bibi anasema alikuwa mgumu balaa.

Babu kifua kilitulia polepole, akaishi mpaka akatuona wajukuu. *Bibi Harusi wa Upepo* hakijaonekana mpaka leo. Nimekitafuta mwenyewe, Morogoro na Dar, sijakutana na mtu aliyewahi hata kukishika.

Na Melkizedek alikuja Songea kweli. Alikuja mwaka wa pili kwa lori, hakubisha hodi, akaingia jikoni kwa Domina akafunua sufuria akaanza kula. Babu alipomkuta pale alimtukana mpaka majirani wakatoka nje.

Funzo langu ni dogo. Mtu anayekuchekesha kila siku naye ana siku yake moja ya kusema kweli, na siku hiyo atakuja na uso uleule, kwa hiyo fungua kwanza alichokuletea, ucheke baadaye. Na ukishamkosea, usikimbilie radhi za kanisani. Kaa ufikirie mlikuwa mnapendana kwa namna gani, halafu umwombe kwa namna hiyo hiyo, hata kama ni kwa kumwibia kuku.